Swali la lugha: Nani kakwambia ujieleze?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Tanga. Tunaandaa mdahalo kuhusu sheria za mtandao na haki za raia, na tumebishana juu ya maneno ya kuandika kwenye bango. Wenzangu wanataka "uhuru wa kujielezea". Mimi nashikilia "uhuru wa kujieleza". Tuamulie, maana bango linakwenda kwa mchoraji Jumamosi.

JIBU: Marahaba. Umeshinda, ila ushindi wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo usiwatambie wenzako mpaka umalize kusoma.

Hilo "kujielezea" tulimalize haraka. Ni kauli ya kutendea, na kauli hiyo haiji bure: inataka mtendewa, au mahali, au chombo. Kalamu ya kujielezea, sawa. Ukumbi wa kujielezea, sawa. Lakini uhuru si kalamu wala si ukumbi. Siku hizi watu wanaamini kwamba kitenzi kikirefushwa kinavaa suti. Ndiyo hao hao wanaotwambia mvua "imepelekea" mafuriko. Huyo "kupelekea" nina kesi naye, ila leo si zamu yake.

Leo ni zamu yako wewe mshindi. Hilo "kujieleza" unalolitetea ni sahihi kisarufi, na mimi limenikera miaka mingi.

Eleza limezaliwa na elea. Kinachoelea kiko juu ya maji, kila mtu anakiona; ndiyo maana mtu wa pwani husema "halijanielea" akiwa bado hajaelewa. Kueleza jambo, basi, ni kulifanya lielee. Na kitenzi hiki hakikubali kusimama peke yake: ukisema "nilieleza" utaulizwa ulieleza nini. Sasa huko nyuma mtu fulani alikaa kutafsiri haki hii kutoka Kiingereza, ambako neno lao halitaji nafsi ya mtu popote. Akafika kwenye eleza, akaona linadai yambwa, yaani kile kinachoelezwa, na yeye yambwa hana. Akachukua -ji- akaichomeka pale, kama tunavyochomeka kipande cha boksi chini ya mguu wa meza inayocheza. Meza ikatulia. Ila sasa kinachoelea majini si fikra tena, ni mwenye fikra.

Na Kiswahili tayari kilikuwa na kazi nyingine ya kujieleza. Umesimamishwa mbele ya shule nzima kwa kuchelewa, mwalimu wa zamu ana fimbo mkononi: "Haya, jieleze!" Umekalishwa mbele ya wazee wa ukoo kwa sababu ya nyumba ndogo: "Tunakusikiliza, jieleze." Angalia nani kakaa na nani kasimama. Sijawahi kuona mkurugenzi akijieleza kwa mhudumu wa ofisi.

Halafu kuna barua. Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule ambayo sitaitaja, ofisi ya mkuu ilibandika tangazo la "masaa ya kazi". Nilipita na kalamu nyekundu nikaikata hiyo "ma". Saa ni saa, iwe moja au kumi na mbili. Hatusemi "mameza" wala "makalamu". Kabla ya kengele ya mchana tarishi akaniletea bahasha: "Unatakiwa kujieleza kwa maandishi, ndani ya masaa 24, ni kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu." Msomaji wangu, hiyo ndiyo barua ya kujieleza, na kila mtumishi wa umma anaijua kwa jina hilo. Nilijieleza kurasa mbili. Nilikuwa huru kabisa kujieleza. Hakuna aliyenizuia, karatasi nilipewa na ofisi yenyewe. Kilichokuwa matatani ni kile nilichokuwa nimeshakisema kwa kalamu nyekundu.

Sasa lipeleke neno hilo kwenye mdahalo wenu. Kijana kaandika jambo kwenye simu yake saa nne usiku, asubuhi anapigiwa: "Njoo kituoni ujieleze." Akienda, si ametumia uhuru wa kujieleza? Kalishwa kwenye benchi, katolewa mkanda na viatu, anajieleza. Bango lenu lililomtetea jana, leo linamwelekeza njia ya kituoni.

Ajabu ni kwamba Katiba ya 1977 haina kosa hili. Ibara ya 18 inasema kila mtu "anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake". Yambwa hilo hapo, limekaa mahali pake: fikra zake. Uone na kitenzi cha mbele: anao. Hakupewa, hakuruhusiwa, anao, kama alivyo na pua. Hadi 2005 ibara hiyo ilifunguliwa na maneno "Bila ya kuathiri sheria za nchi", yaani mlango wa mbele wazi na wa uani wazi, sheria yoyote ipite. Maneno hayo yakaondolewa. Imebaki Ibara ya 30 na mipaka yake, maslahi ya umma na kadhalika, nami sidai kwamba uhuru hauna mipaka. Mtu akinitangaza mwizi na mimi si mwizi nitakwenda mahakamani kama wewe.

Lakini soma na Ibara ya 13: ni marufuku mtuhumiwa wa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia. Kisha fungua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. (Makosa ya mtandao! Mtandao umekosa nini?) Kifungu cha 16 kilipopitishwa kiliweka, kwa anayechapisha taarifa za uongo, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Adhabu nzito. Ila hata kifungu hicho kikali kinataka ithibitishwe kwamba mwandishi alijua ni uongo, na kwamba alikuwa na nia mbaya. Nani athibitishe? Upande wa mashtaka. Mshtakiwa hatakiwi kuanza kwa kujieleza, hata kama lugha yetu nzima, kuanzia paredi ya shule, imemzoesha kwamba ndiye wa kuanza.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 nazo zilinipa kazi. Zilikataza, pamoja na mengine, maudhui ya kuudhi. Maudhui yenye maudhi! Maneno haya yote mawili yalitoka Arabuni, kwa mizizi tofauti, yakakutana kwetu kwenye sentensi moja yakafanana kama mapacha. Lakini tukimaliza kucheka: kuudhi ni kipimo gani? Mimi naudhiwa na "masaa". Mke wangu anaudhiwa na mimi ninapomsahihisha mtangazaji wa redio akiwa katikati ya habari. Ukifanya maudhi kuwa kosa, kipimo umekikabidhi kwa mwenye hasira za karibu.

Majirani walishalipeleka jambo hili mahakamani. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya alikibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichomtia hatiani mtu kwa ujumbe wa kuchukiza au wa kumkera mwenzake. Maneno yake yalikuwa mapana mno. Raia asingeweza kujua mapema lipi ni kosa na lipi si kosa. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, nacho kikiwa na ugonjwa uo huo. Kinachonifurahisha zaidi kwa Wakenya ni Ibara ya 24 ya Katiba yao ya 2010: anayetaka kuibana haki ndiye anayepaswa kuithibitishia mahakama kwamba amefuata masharti ya kuibana. Yaani Serikali inasimama, raia amekaa, na Serikali inajieleza. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nililiona neno hili limetumika barabara.

Najua utakachoniambia. Kwamba "uhuru wa kujieleza" umeshaota mizizi, uko kwenye magazeti, kwenye hotuba za wanaharakati na za mawaziri vilevile. Kwamba mchoraji wa katuni na mcheza ngoma nao wanajieleza, hawana sentensi. Hilo la pili nakubali nusu: katuni nayo inaeleza fikra, na ndiyo maana inawaudhi watu. La kwanza nimeshindwa, nakiri. Neno likishafika kwa mawaziri na kwa wapinzani wao kwa pamoja, mzee mmoja mwenye kalamu nyekundu hawezi kulirudisha. Ukiliandika sitakukata alama. Nitaguna tu.

Kwa bango, hata hivyo, ningewashauri "uhuru wa maoni". Ni fupi, lina sauti, na rangi itabaki. Kama mchoraji wenu ana nafasi, chini yake aandike kwa herufi ndogo, "kila mtu anao".

Na huyo aliyependekeza "kujielezea", mpe karatasi ajieleze kwa maandishi. Ana saa 24.