Kupulizia Mara Moja Hakutoshi: Namna ya Kuwaondoa Wadudu wa Maua ya Ndani kwa Njia za Asili

Wengi huziacha dawa za asili wiki ya pili. Wamepulizia, wadudu wametoweka, kisha siku chache baadaye jani limejaa tena, na lawama zote zinaishia kwa dawa. Mara nyingi dawa haina kosa. Maji ya sabuni humuua mdudu yanapomgusa yakiwa mabichi. Yakishakauka, kazi yake imekwisha. Mayai yaliyobanwa kwenye kona ya jani hubaki salama na huanguliwa kwa wakati wake. Ndiyo maana njia hizi hufaulu kwa anayemjua mdudu aliye naye na anayerudia kwa ratiba inayofuata maisha ya mdudu huyo.

Basi anza kwa kugeuza jani. Vidukari hujazana kwenye chipukizi na vikonyo vya maua machanga. Ni wa kijani, weusi au wa rangi ya maziwa, na huacha majimaji matamu yanayonata, ambayo baadaye huota ukungu mweusi kama masizi. Inzi weupe huruka kama vumbi ukilitikisa ua. Vidung'ata huonekana kama vipande vya pamba kwenye maungio ya jani na shina. Wadudu magamba ni vinundu vya kahawia vilivyoganda kwenye shina, ambavyo mtu asiyewajua hudhani ni sehemu ya gome. Utitiri, ambao kwa kweli si wadudu kwani wana miguu minane, hujitambulisha kwa vidoa vyeupe vidogo juu ya jani na utando mwembamba chini yake. Kama huna uhakika, shika karatasi nyeupe chini ya jani na uligonge: nukta zikianza kutembea, umewapata. Thiripi, wadudu wadogo sana na wembamba, huacha michirizi ya rangi ya fedha na vinukta vyeusi vya kinyesi. Lipulizie ua pumzi yako polepole na utawaona wakitoka mafichoni.

Hatua ya kwanza kwa karibu wote hawa ni maji matupu, na ndiyo tunayoipendelea kuliko zote kwa sababu haina madhara na huondoa sehemu kubwa ya wadudu kwa siku moja. Funika udongo kwa mfuko wa plastiki uliofungwa shinani, kilaze chungu ubavu, kisha osha kila jani kwa maji ya uvuguvugu, hasa upande wa chini. Usifanye hivyo kwa violeti ya Afrika na mimea mingine ya majani yenye manyoya. Maji baridi huyaachia mabaka yasiyotoka. Hiyo isafishe kwa brashi laini. Maua yaliyofunguka na yaliyoshambuliwa sana yakate na uyatupe nje ya nyumba ndani ya mfuko uliofungwa. Inauma kuyakata, lakini kwa thiripi hasa, ua lililofunguka ndiyo nyumba yao.

Kisha sabuni. Inayofaa ni sabuni ya maji ya potasiamu isiyo na manukato: mililita 10 kwa lita moja ya maji, na usizidishe mililita 20. Sabuni kali za kuoshea vyombo huvua nta inayolikinga jani, na siku mbili baadaye kingo zake zinakuwa kahawia. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: maji ya chumvichumvi huharibu dawa hii, kwa kuwa madini yake hushikana na sabuni. Changanya kwenye chupa ya kioo. Ukiona utando mweupe juu, tumia maji ya mvua. Pulizia jioni, au mahali pasipo na jua, mpaka upande wa chini wa jani udondoke matone. Jaribu kwanza kwenye jani moja na usubiri siku mbili. Kangaga na bigonia huungua upesi. Kwa mimea ya namna hiyo, suuza kwa maji safi baada ya saa chache.

Mafuta ya mwarobaini hufanya kazi tofauti. Yakiwa mafuta ghafi yaliyokamuliwa bila moto, yana azadiraktini, ambayo huvuruga ukuaji wa wadudu wachanga na kuwapunguzia hamu ya kula. Usitarajie kuona maiti kesho yake. Kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, koroga kwanza mililita 2 za sabuni, kisha mililita 5 za mafuta, kidogokidogo. Bila sabuni mafuta huelea, na jani moja litapata mafuta matupu huku jingine likipata maji. Tikisa chupa kila mara unapopulizia na umalize mchanganyiko siku hiyohiyo, maana nguvu yake hupotea haraka. Mafuta yakiganda kwa baridi, iweke chupa yake ndani ya maji ya moto. Mwenye mbegu badala ya mafuta atwange gramu 50 za viini vilivyokaushwa kivulini, aviloweke usiku kucha kwa lita moja ya maji, achuje kwa kitambaa na aongeze sabuni kidogo. Harufu itakaa ndani kwa muda, fungua madirisha.

Vidung'ata na wadudu magamba wamejifunika nta, kwa hiyo sabuni mara nyingi huteleza juu yao. Hapo tumia spiriti ya asilimia 70 kwa kijiti cha pamba, mdudu mmoja mmoja, mbali na moto. Magamba yakwangue kwanza kwa mswaki laini. Kwenye okidi, chunguza ndani ya ala za majani makavu shinani, maana huko ndiko hubaki wawili watatu wanaoanzisha ukoo upya. Ua likizidi kudhoofika bila wadudu kuonekana juu, litoe chunguni: unga mweupe kwenye mizizi ni vidung'ata vya chini, na kijiti cha pamba chenye spiriti hakitawafikia.

Sasa ratiba. Vidukari huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, na mtoto huweza kuanza kuzaa ndani ya takriban wiki moja kukiwa na joto. Rudia kila siku 4 au 5, mara tatu. Utitiri huongezeka haraka zaidi kwenye hewa kavu na ya joto, kwa hiyo rudia kila siku 3 au 4 kwa wiki tatu. Inzi weupe huhitaji wiki tatu hadi nne kutoka yai hadi mdudu aliyekomaa. Pulizia kila siku 5 hadi 7 kwa mwezi mzima. Mitego ya kunata ya njano huwanasa wanaoruka na kukuonyesha kama idadi inashuka, lakini haiwezi kumaliza kazi peke yake. Vidung'ata wakague kila wiki, na usiache hadi upite mwezi mmoja bila kumwona hata mmoja. Thiripi wengi hujibadilisha wakiwa udongoni, hivyo toa pia sentimita 2 za juu za udongo na uweke mpya.

Vijinzi vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo ni tatizo la umwagiliaji. Funza wao huishi kwenye udongo wa juu ulio na unyevu. Acha sentimita 3 hadi 5 za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena, na mwaga maji yaliyotuama kwenye kisahani. Kipande cha kiazi kibichi kikilazwa juu ya udongo kwa siku mbili huwavuta funza. Kiinue, kitupe, weka kingine. Wakiwa wengi mno, bakteria wa Bacillus thuringiensis israelensis katika maji ya kumwagilia huwaua funza bila kuudhuru mmea.

Asili haimaanishi salama. Maji ya tumbaku yana nikotini, sumu kali kwa watu, na yanaweza kuleta virusi vya tumbaku kwenye mimea ya jamii yake. Yasiingie ndani ya nyumba. Mafuta makali ya mnanaa na ya mti wa chai (tea tree) yanaweza kumdhuru paka. Kitunguu saumu na pilipili hufukuza zaidi kuliko kuua, na zikikolea huunguza majani. Mbolea ya nitrojeni ikizidi, chipukizi huwa laini na vidukari hulifurahia, kwa hiyo ipunguze wakati wa mashambulizi.

Ua jipya litenge chumba kingine kwa wiki tatu hadi nne na ulikague kila wiki kabla ya kulichanganya na mengine. Mmea ambao mizizi yake imejaa vidung'ata, na ambao umekwisha kuoshwa na kubadilishiwa udongo bila nafuu, tupa pamoja na udongo wake. Chungu kisugue kwa brashi, sabuni na maji ya moto, pamoja na tundu la chini, kabla ya kupanda kingine.