Pontiac Vibe au ya Mjapani tu?

Mdogo wangu, umeuliza hapo Marekani ununue gari ya Mjapani tu au hiyo Pontiac Vibe, yenye nembo ya Kimarekani ya kampuni ya GM, nayo inafaa. Usiishie kwenye nembo. Kiwanda cha GM kule Fremont, California, kilifungwa 1982 kazi ikiwa mbovu, 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, wafanyakazi wengi walewale wa zamani ila utaratibu wa Kijapani, yaani mtu akiona kasoro anavuta kamba, laini nzima ya kuunda magari inasimama, na magari yakaanza kutoka safi kabisa. Ndo ilikotoka Vibe, injini ya Toyota, pacha wa Toyota Matrix. Kama haina kutu chukua, ila za 2003 mpaka 2007 hakikisha eabegi (mifuko ya hewa ya kukinga ajalini) za kampuni ya Takata, zile zilizoitwa zirudishwe kwa kuwa zinaweza kulipuka vibaya, zilishabadilishwa, hilo usilipuuze kabisa.