Jibu: Mvinyo wa bei nafuu mezani
Umeuliza kama mvinyo wa bei ya chini unaweza kunoga bila kununua vyombo vipya. Unaweza, ndugu yangu. Mwekundu uweke kwenye friji dakika 20 kabla ya kumimina. Ukiwa na joto, ukali wa pombe ndio unaotangulia puani. Mimina theluthi ya glasi tu, harufu ipate nafasi.

Cha kula na mvinyo huo: nyanya za msimu wake zikate nene, chumvi na mafuta kidogo, basi. Zina uchachu, kwa hiyo mvinyo mweupe mkavu, yaani usio na utamu, unaziweza kuliko mwekundu mzito.

Vyombo? Nina sahani moja nyeupe iliyomeguka ukingoni. Nyanya zikikaa juu yake hakuna anayeona pengo. Mvinyo ukibaki, ziba chupa urudishe kwenye friji, siku 3 hivi bado unanyweka.