Presha ya macho: matone kwanza, sahani baadaye

Watu wakisikia nina glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mara nyingi kwa sababu ya presha kupanda ndani ya jicho, swali lao la kwanza huwa ni nakula nini. Nakula vizuri, ndiyo, lakini kinacholinda macho yangu ni matone. Neva ya jicho ikishaharibika, hakuna juisi wala mizizi itakayorudisha uoni uliopotea. Anayekuahidi hivyo anataka pesa yako tu.

Matone yenyewe yana namna yake. Naangalia juu, navuta kope la chini taratibu, nadondosha tone moja, nafumba macho bila kupepesa. Kisha nabana kwa kidole ile kona ya jicho iliyo karibu na pua, kama dakika 2 hivi. Bila kubana, dawa huteremkia puani na kooni na kuingia kwenye damu, na huko ndiko yanakotoka baadhi ya madhara yake. Mwenye dawa mbili asubiri angalau dakika 5, la sivyo ya pili itaosha ya kwanza. Zangu nimeziweka kando ya mswaki, maana mswaki sisahau.

Kwa upande wa chakula, nazipa nafasi mboga za majani za kijani kibichi. Tafiti zimeonyesha kwamba wanaozila kwa wingi huugua glakoma kwa kiasi kidogo zaidi, ingawa hilo halizifanyi kuwa tiba. Kahawa sijaiacha; nimepunguza tu, kwa sababu hupandisha presha ya jicho kwa muda. Hata maji! Ukigugumia lita nzima kwa mkupuo, presha hupanda. Kunywa ya kutosha, ila kidogo kidogo.

Kutembea kwa kasi hushusha presha kidogo, na ndiyo zoezi langu. Mikao ya kichwa chini miguu juu siigusi kabisa, na wanaonyanyua vyuma wasibane pumzi. Usiku, usilale kifudifudi jicho likigandamizwa na mto.

Jingine ambalo wengi hawaambiwi: mwambie kila daktari anayekutibu kwamba una glakoma, hata kama umemwendea kwa ajili ya ngozi au pumu. Dawa za steroidi (za kutuliza uvimbe, ambazo hutolewa pia kwa ngozi na pumu), hasa za matone ya macho, zinaweza kupandisha presha ya macho kimyakimya.

Na ndugu zako wa damu wakapimwe. Kaka yangu anajitetea kwamba anaona vizuri na haumwi popote. Aina ya glakoma iliyo ya kawaida zaidi haiumi, na huanza kula pembeni mwa uoni, kwa hiyo utetezi huo sijaukubali.