Kabla ya Kufungua Kompyuta, Chimba Udongo

Wiki iliyopita mwanafunzi aliyeanza shahada ya uzamili ya usanifu majengo hapa Kampala aliniandikia akiuliza ajifunze programu ipi ya kompyuta kwanza, ili tasnifu yake kuhusu majengo yanayojali mazingira ipite. Nilikaa na swali hilo siku mbili, kwa kuwa mimi pia nilianza nalo, na likanigharimu muhula mzima.

Michoro niliyoitoa kwenye programu ilipendeza: mishale ya buluu ilionyesha upepo ukipita madirishani, na kila chumba kilikuwa na rangi ya joto lake. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo yasiyochomwa, yaliyochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, maana nilitaka kuepukana na tanuri zinazokula miti na mashimo ya mfinyanzi yanayoharibu ardhi oevu. Mtahini mmoja alicheka mbele ya wenzangu, akauliza kama ninasanifu nyumba au kichuguu. Kichuguu, kwa taarifa yake, hustahimili mvua kuliko ukuta wangu wa kwanza.

Ukuta huo niliujenga Mukono, mashariki ya Kampala, mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Nilichota udongo mweusi wa juu, nikakadiria maji kwa macho, nikaanika matofali juani, na baada ya siku nne nikaanza kujenga. Mvua ya tatu ilipopita, pembe zilikuwa zimemeguka kama mkate uliolowa.

Aliyeniokoa ni fundi mzee aliyejifunza Kiswahili jeshini. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Umechimba kina gani, mwanangu?" Akanieleza kwamba udongo wa juu una mizizi na mboji, ambayo huoza na kuacha tofali likiwa dhaifu, tukachimba hadi kwenye moramu nyekundu, yaani udongo wa chini wenye changarawe. Tukatia udongo kiasi cha theluthi ya chupa, tukajaza maji, tukatikisa na kuiacha hadi kesho yake: mchanga ulikuwa chini, mfinyanzi juu, na uwiano wake ukaonekana wazi. Kwa maji, alifinyanga donge la mchanganyiko na kuliangusha kutoka kifuani. Likisambaratika kuwa vumbi, ni kavu mno. Likibaki donge, limelowa kupita kiasi. Likivunjika vipande vichache, fyatua. Matofali tuliyafunika kwa majani ya migomba kivulini na kuyanyunyizia maji kwa wiki nne, kwa sababu saruji hukomaa kwa unyevu, si kwa jua. Ukuta wa pili umepita misimu miwili ya mvua, na yule mtahini sijamwona akija kuutazama.

Basi ninyi mnaotaka kubadilisha ujenzi wa nchi hii, chimbeni kwanza. Anayewaambia kwamba udongo ni wa maskini mpelekeni Entebbe, kwenye hospitali ya upasuaji wa watoto iliyofunguliwa mwaka 2021, ambayo msanifu majengo Mwitaliano Renzo Piano aliisanifu kwa kuta nene za udongo uliochimbwa papo hapo kiwanjani na kushindiliwa. Programu hupima vizuri kile ulichoiambia. Mimi niliiambia habari za tofali ambalo sikuwa nimewahi kulishika.

Nilimjibu kijana yule kwa kumuuliza udongo wa kiwanja chake una rangi gani ukichimba nusu mita. Hadi leo asubuhi alikuwa hajanijibu.