Mbwa mzee aliyewahi kuuma: nimpe nani?

MASWALI YA WASOMAJI: WANYAMA WA NYUMBANI
Anajibu daktari wetu wa mifugo, Arusha

Shikamoo Daktari. Najitolea kwenye kituo kidogo cha kutunza mbwa huku Tengeru. Mwenye kiwanja anauza, kwa hiyo mbwa wote inabidi wapate kwa kwenda kabla ya mwaka kuisha. Wadogo wamechukuliwa haraka. Amebaki Jimi, dume la rangi ya udongo, kama miaka 10 hivi, aliyeokotwa mnyororo ukiwa umemla shingo. Ameshauma mara mbili. Kwanza kijana wa usafi, aliyemruka jioni akiwa amelala mlangoni. Alimwachia matundu mawili kwenye shavu la mguu. Halafu binti wa mgeni, aliyempapasa mgongo kwa nyuma wakati anakula. Huyo alimparua mkono tu. Mimi hajawahi hata kunionyesha jino, na nikikaa anakuja kunilalia miguuni.

Kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi anamtaka, anasema mbwa mkali ndiye anayemtafuta. Mwenzangu ananishauri nisitaje habari za kuuma, maana nikizitaja hakuna atakayemchukua. Mwingine anasema achomwe sindano, yaishe. Nifanye nini?
*Mhudumu wa mbwa, Tengeru*

Marahaba, binti yangu. Usimpe mwenye duka. Naanza na hilo kwa sababu huyo anaweza kuja kesho na kamba mkononi.

Mtu anayemtaka mbwa kwa kuwa anauma atamweka mahali pa kuuma. Duka la vifaa vya ujenzi lina watu tangu asubuhi: mafundi, wapakiaji wa saruji, watoto waliotumwa misumari. Jimi atafungwa karibu na mlango, kwa mnyororo kama ule uliomla shingo. Mbwa huru akitishwa anaweza kuondoka. Aliyefungwa hana pa kwenda, na kinachombakia ni meno. Tena tunachanganya sana ulinzi na kuuma. Mlinzi mzuri anabweka mapema, mwenye nyumba anaamka, mwizi anabadili njia. Mbwa anayemng'ata mteja mchana hajalinda kitu, amemletea tajiri wake kesi. Na kwa umri wake Jimi anahitaji mahali pa kulala, hahitaji zamu ya usiku.

Sasa ushauri wa mwenzako wa kunyamaza. Najua anampenda mbwa, lakini ninaupinga kwa nguvu zangu zote. Habari za meno ya Jimi ni haki ya yule atakayeishi naye. Ukizificha, Jimi atapata nyumba kwa muda mfupi tu. Siku akimuuma mtu ambaye hakuonywa, hakuna atakayeuliza kilichomsumbua. Atapigwa mawe palepale, na aliyeumwa atabaki na jeraha ambalo sentensi yako moja ya kweli ingelizuia. Mara nyingi mtu huyo huwa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto uso wake uko usawa mmoja na mdomo wa mbwa, na hajui kusoma mbwa aliyekasirika.

Kwa hiyo andika. Chukua karatasi, weka tarehe, nani aliumwa, saa ngapi, mbwa alikuwa anafanya nini, jeraha lilikuwaje, nini kilifuata. Ibanishe na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Anayemchukua asome mbele yako, atie sahihi, na nakala moja ubaki nayo.

Kuhusu ukubwa wa jeraha, sisi madaktari tunatumia kipimo alichokitunga daktari wa mifugo Ian Dunbar, chenye ngazi 6. Ngazi ya 1 mbwa anatisha bila kugusa ngozi. Ya 2 meno yanagusa lakini hayatoboi. Ya 3 ni tundu moja hadi manne kwa mng'ato mmoja, na hakuna lililozidi nusu ya urefu wa chonge. Ya 4 linazama zaidi ya hapo, mara nyingi kwa kuwa mbwa ameng'ang'ania au ametikisa kichwa. Ya 5 ni mashambulizi ya kurudia-rudia, na ya 6 ni kifo. Muulize yule kijana vizuri matundu yake yalikuwa na kina gani. Kama yalikuwa madogo na yakafunga upesi, Jimi alifika ya 3, na kwa yule binti hakuvuka ya 2. Huyo ni mbwa wa kuchukuliwa kwa tahadhari, lakini bado tunaweza kumtafutia mtu. Angekuwa wa 4, majibu yangu yangekuwa mengine kabisa.

Kuna jambo kwenye barua yako limenishika kuliko yote. Amelala, jioni, mtu anapita juu yake. Anakula, mkono unatokea nyuma na kutua mgongoni. Mara zote mbili hakumwona mtu akija, na mara ya pili aliguswa mgongo. Mbwa wa miaka 10! Kabla hatujamwita mkali, tujue kama anaona, kama anasikia, na wapi panamuuma.

Mwangalie asubuhi anavyoinuka. Je, anaanza na miguu ya mbele, anatulia kidogo, kisha anavuta kiuno? Je, amepunguza kuruka ngazi au ukuta mdogo aliokuwa akiuruka? Hapo nashuku baridi yabisi ya nyonga au ya uti wa mgongo. Akiwa amekupa kisogo, dondosha funguo sakafuni umbali kidogo. Asipogeuza hata sikio, kusikia kumepungua. Tazama macho yake juani kama kuna ukungu mweupe katikati ya mboni. Mdomo usiufungue wewe, mwachie daktari, ila nusa. Mbwa waliofungwa muda mrefu hutafuna mnyororo, meno yanapasuka, mzizi unaoza, na mbwa anakula huku anaumia. Mkono ukimjia saa hiyo, atajitetea.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe yote hayo. Akishuku maumivu, anaweza kumpa dawa ya maumivu ya mbwa kwa wiki kadhaa, nanyi mkaangalia kama tabia inabadilika. Nakuomba sana, usimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya kwenu nyumbani. Dawa hizo zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na nimeletewa mbwa wanaotapika damu kwa sababu ya huruma ya namna hiyo.

Halafu kunguruma. Waambie wote hapo kituoni wasimpige wala kumkemea akinguruma. Anaponguruma anasema "niache", na hiyo ndiyo lugha ya heshima aliyonayo. Mbwa aliyefundishwa kwa fimbo kwamba asingurume hujifunza kuuma kimyakimya, na huyo ndiye wa hatari. Kabla ya kunguruma kuna mengine: mwili unakakamaa, anajilamba pua ilhali hakuna chakula, anageuza uso, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Atakayempokea lazima umwonyeshe haya kwa Jimi mwenyewe, msikae kuyazungumza tu.

Na nani ampokee? Natafuta mtu mzima, au wawili, wasio na watoto wadogo ndani wala wajukuu wanaoshinda hapo. Awe na ua wenye geti linalofungika, kusiwe na wageni wa kila saa, na asiwe na haja ya kumshikashika. Mama mstaafu anayelima bustani yake, au mwalimu anayekaa peke yake, anatosha sana. Mabanda ya kupangisha yenye choo cha pamoja, hapana, hata mpangaji awe mwema kiasi gani. Dada wa kazi na kijana wa bustani nao waelezwe, kwa maana hao ndio watakaokuwa naye mchana kutwa.

Mkutano wa kwanza ufanyike hapo kituoni. Mgeni akae, asimwangalie Jimi usoni, aache mbwa aje mwenyewe. Warudie siku nyingine, watembee naye wewe ukiwepo. Akihamia, apewe kona yake isiyo njia ya watu, alishwe nyuma ya mlango uliofungwa, na bakuli lisiguswe mpaka ametoka. Aamshwe kwa kuitwa jina. Kama hasikii, kwa kukanyaga sakafu kwa mbali ausikie mtetemo. Majirani wasiitwe kuja kumwona mbwa mpya. Na mkubaliane waziwazi kwamba ikishindikana anarudi kwako wewe, hapelekwi kwa mtu mwingine. Kiwanja kinauzwa, najua, lakini mpangie mahali pa kurudi kabla hujamtoa.

Mfundisheni pia kuvaa kikapu cha mdomo, kile kinachovishwa puani na mdomoni asiweze kuuma, kwa safari za daktari na siku za wageni. Usimfunge mdomo kwa kamba au kitambaa: mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, na kwenye jua anaweza kufa. Kama hukipati dukani, fundi viatu mzuri anaweza kukishona kwa mikanda ya ngozi, akiacha nafasi ya kuhema na kunywa. Paka maini ndani, aingize pua mwenyewe, alambe, atoe. Siku za mwanzo usifunge mkanda kabisa.

Nimeiacha sindano mwisho kwa makusudi, kwa kuwa hapo kituoni wameiweka mbele. Siikatai. Kama daktari ataona maumivu yasiyotibika, au Jimi akianza kuuma kwa nguvu bila sababu tunayoiona, au mmetafuta kwa dhati na hakuna nyumba iliyo salama, basi kufa kwa sindano ya daktari, kichwa kikiwa mapajani pako, ni bora kuliko mnyororo wa dukani au sumu ya panya. Uamuzi huo utauma, na hutakuwa umemsaliti. Lakini hatujafika huko. Hajapimwa hata meno.

Mpeleke wiki hii, kisha niandikie daktari amesema nini. Nitangoja barua yako.

Daktari, mbwa wa jirani amemuuma mwanangu wa miaka 7 mkononi. Jirani anasema mbwa amechanjwa, na kwa hasira baba watoto anataka wamuue leo. Ni sawa?
*Mama wa Usa River*

Pole sana mama, na pole kwa mtoto. Nilikujibu kwa simu siku ileile. Narudia hapa kwa ajili ya wengine.

Kwanza jeraha: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili mkiangalia saa, hata mtoto akilia. Msipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Halafu hospitali siku hiyohiyo, mbwa awe na kadi ya chanjo au asiwe nayo. Kadi mwonyesheni daktari, yeye ndiye atakayeamua sindano zipi zinahitajika. Akianzishiwa chanjo, asiruke hata tarehe moja. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina tiba.

Mbwa msimuue. Afungiwe mahali salama, apewe maji na chakula, aangaliwe siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, hakuwa na virusi mateni siku aliyomuuma mtoto, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akiugua au akifa kabla, mwiteni ofisa mifugo wa kata haraka, msimzike, ili kichwa kipelekwe maabara kupimwa ubongo. Mkishamuua na kumfukia, hospitali itakuwa imenyimwa jibu hilo.