The Lounge kwenye Debian: usikimbilie sudo

Mgeni wa IRC, mfumo wa zamani wa kuchati kwa maandishi kwenye vyumba viitwavyo chaneli, hulalamika jambo moja: aliuliza swali chanelini, akafunga laptopu akalala, asubuhi hakuona jibu. Kumbe alijibiwa saa nane usiku. IRC iko hivyo tangu ilipozaliwa Ufini mwaka 1988: usipokuwepo, yamekupita. Ndiyo maana tunaweka The Lounge, programu ya IRC, kwenye seva yenye Debian (aina ya Linux). Yenyewe inabaki chanelini usiku kucha, wewe unaingia kwa kivinjari ukitaka, hata kwa simu umeme ukikatika.

Kusakinisha kwenyewe si kazi. Hakikisha Node.js (programu inayoiendesha The Lounge) uliyonayo si ya zamani, pakua faili la .deb (kifurushi cha programu cha Debian), kisha lisakinishe kwa apt ukitanguliza sudo, yaani kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo:

sudo apt install ./thelounge_*.deb

Ile nukta na mkwaju si pambo. Ukiviacha, apt haielewi kwamba unasema faili lililo hapo ulipo.

Mimi nilikwama kwenye kuongeza mtumiaji. Niliandika "sudo thelounge add asha", kwa sababu mkono ulishazoea sudo, nikaweka nywila, nikafungua ukurasa: nimekataliwa. Nikabadilisha nywila mara tatu. Nywila haikuwa na kosa lolote. Nilipopiga ls -l, amri inayoonyesha mmiliki na ruhusa za faili, kwenye /etc/thelounge/users ndipo nikaona:

-rw------- 1 root root … asha.json

Huduma ya The Lounge inaendeshwa na mtumiaji wa mfumo anayeitwa thelounge, na faili la root lenye ruhusa hizo hawezi hata kulichungulia. Amri sahihi ni hii:

sudo -u thelounge thelounge add asha

Kama umeshakosea usifute kitu, rudisha umiliki tu: sudo chown thelounge:thelounge ukifuatisha na njia ya faili. Na kila unapojaribu jambo, dirisha la pili liwe na journalctl -u thelounge -f, inayoonyesha papo hapo huduma inalalamika nini. Mimi nililifungua baada ya saa nzima ya kubahatisha, nawe usinifuate huko.

Sasa faili la mipangilio, /etc/thelounge/config.js. Usipoigusa, programu inasikiliza poti 9000 kwenye anwani zote za seva, tena kwa http tupu isiyosimbwa, maana yake nywila yako inapita barabarani bila nguo. Weka host iwe "127.0.0.1" (isikilize ndani ya seva yenyewe tu), reverseProxy iwe true (ijue kuna seva nyingine mbele yake), anzisha upya huduma, halafu mbele yake simamisha nginx, seva ya wavuti itakayompokea mgeni na kumpitisha ndani, yenye cheti cha https cha bure cha Let's Encrypt. Ndani ya location ya nginx, pamoja na proxy_pass, mistari hii isikosekane:

proxy_http_version 1.1;
proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
proxy_set_header Connection "upgrade";

Ikikosekana ukurasa bado utafunguka, na hapo ndipo wengi hudanganyika. WebSocket, njia inayobaki wazi kati ya kivinjari na seva, imeshindwa, kivinjari kinabaki kuiulizauliza seva "kuna jipya?", nawe utasema seva ni nzito.

La mwisho ni kujiunga na Libera.Chat, mtandao wa IRC (irc.libera.chat, poti 6697, TLS, yaani muunganisho uliosimbwa). Baadhi ya anwani za seva za kukodi Libera.Chat haizipokei bila SASL, yaani kujitambulisha kwa jina na nywila wakati wa kuunganisha, na SASL inataka jina lililokwisha kusajiliwa. Kwa hiyo lisajili kwanza ukiwa kwenye intaneti ya nyumbani au bando la simu, si kupitia The Lounge iliyo kwenye seva, kwa kumwandikia NickServ (roboti ya kusajili majina) /msg NickServ REGISTER ikifuatiwa na nywila na baruapepe, thibitisha kwa ujumbe watakaokutumia, ndipo ujaze jina na nywila hiyo kwenye sehemu ya SASL ndani ya The Lounge.